Pono, Taa na Mkunga: Maneno ya Daftarini Yaliyo Hai Kisite



Katika daftari la kila mmoja wetu kuna orodha ya tashbihi na orodha ya vitawe. Tuliziandika tangu shule ya msingi na wengi wetu tunazikariri bila hata kutazama. Lala kama pono. Kaa, kamba, taa, papa, mkunga. Sasa hebu muulize jirani yako wa dawati pono ni nani. Mimi niliwauliza watu 14 katika kidato chetu. Watatu walisema ni samaki, mmoja akasema ni mlevi fulani wa zamani, na waliobaki walicheka tu. Siwalaumu. Hapa Muthara tunajua mahindi, miraa na ukungu wa Nyambene, na bahari iko mbali, safari ya zaidi ya siku nzima kwa basi. Lakini maneno haya hayakutungwa darasani. Yalitungwa na watu waliokuwa wakiwaona viumbe hawa kila siku, na Desemba iliyopita nilipata bahati ya kuwaona.

Mjomba wangu anafanya kazi Ukunda. Wakati wa likizo alinipeleka mimi na binamu yangu hadi Shimoni, kama kilomita 80 kusini mwa Mombasa. Kutoka hapo unavuka mlango mwembamba wa bahari hadi kisiwa cha Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja. Wenyeji wake husema Kivumba, ile lahaja tunayoitaja katika Isimujamii pamoja na Kimvita na Kiamu. Mbele ya Wasini ziko Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, kisha Kisite, kisiwa kidogo tambarare cha mwamba. Eneo hili lilitengwa na serikali miaka ya 1970 na sasa linasimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Upande wa Kisite hairuhusiwi kuvua kabisa. Upande wa Mpunguti wavuvi wanaruhusiwa kutumia mitego na mishipi ya jadi.

Desemba ni majira ya kaskazi, upepo ni mwanana na maji ni maangavu. Wakati wa kusi, kati ya mwaka, bahari huchafuka. Nahodha wetu, mzee mwenye kofia ya kufuma, tulimwamkia shikamoo naye akaitikia, "Marahaba wanangu," kisha akatuvalisha majaketi ya kuelea bila kutuuliza kama tunajua kuogelea. Watu wa bara tunajulikana!

Kabla hatujafika, walitokea pomboo. Nahodha alipunguza moto wa mashine, kwa sababu kuwafukuza kwa chombo kumekatazwa. Pomboo si samaki. Ana mapafu, hunyonyesha, na ndiyo maana hana budi kuja juu kupumua. Ukitaka kumtofautisha na samaki tazama mkia: samaki hupunga mkia wake kushoto na kulia, pomboo huupiga juu na chini. Na ilipotimu saa nne kasa robo tulimwona kasa. (Mwalimu, sentensi hiyo ni ya kweli, sikuitunga kwa ajili ya mtihani.)

Kifaa chenyewe ni rahisi: miwani ya maji inayofunika macho na pua, na mrija wa kupumulia kwa mdomo. Kazi ya miwani ni kuweka hewa mbele ya jicho, kwani jicho likigusana na maji moja kwa moja huona ukungu mtupu. Hata hivyo vitu huonekana vikubwa kuliko vilivyo, kama kwa theluthi moja. Kwa hiyo mtu akikusimulia ukubwa wa samaki aliyemwona chini ya maji, mpunguzie.

Nililaza uso majini nikaogopa kidogo, halafu nikasahau woga. Pono niliwaona wengi, wa kijani na buluu, midomo yao kama ya kasuku. Kazi yao ni kukwangua mwani juu ya mwamba, na ukinyamaza unasikia kabisa meno yao: kwaru, kwaru. Wakimeza vipande vya mwamba huvisaga na kuvitoa vikiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe mnaouona kwenye kalenda imepitia tumboni mwa pono. Na ule usingizi? Nahodha alituambia kwamba usiku pono hulala katika nyufa za mwamba, amelala kweli kweli. Baadhi ya aina za pono hujifunika utando wa ute kama chandarua mpaka asubuhi. Basi aliyesema kwanza "lala kama pono" hakuwa akipamba lugha. Alikuwa ametazama.

Chini ya jiwe alikuwako taa, mwenye madoa ya buluu, amejifunika mchanga. Mkunga alitoa kichwa shimoni akifungua na kufumba kinywa. Binamu yangu alidhani anataka kuuma, kumbe ndivyo anavyopumua. Kamba wa mawe hatukumwona, hutoka usiku. Papa hatukumwona vilevile, wala sikumtafuta.

Hapa ndipo kuna somo la sarufi. Taa imezimika, lakini taa amelala mchangani. Kamba imekatika, lakini kamba amejificha. Kaa la moto limezima, lakini kaa anatembea upande upande. Maana inatambulika kwa kiambishi cha upatanisho, si kwa neno lenyewe. Kwa mkunga njia hii haifai, kwa kuwa yule wa hospitali na yule wa mwambani wote ni A-WA. Hapo utategemea muktadha.

Sasa tumbawe. Sisi husema tumbawe limevunjika, matumbawe yamekufa, ngeli ya LI-YA, kana kwamba ni jiwe. Lakini tumbawe ni mnyama, au tuseme maelfu ya wanyama wadogo wenye kinywa na mikono myembamba, walioungana na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana ambao huwapa chakula na rangi. Aina zile za mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Niliona moja lenye urefu wa kunizidi, yaani lilikuwako kabla nyanya yangu hajazaliwa. Mtu akilikanyaga mara moja kwa viatu vya mpira, basi.

Na si kukanyagwa tu. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe humtoa yule mwani na kubaki jeupe kama mfupa. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea pwani yote ya Kenya, na miamba mingi ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake yaliyo hai. Joto kali lilirudi mwaka 2016. Udongo nao huharibu: maji ya Sabaki huibadilisha bahari ya Malindi kuwa ya rangi ya chai na kuyafunika matumbawe. Mito yetu ya Ura na Thanantu inaingia Tana, na Tana inaingia bahari ileile.

Wavuvi wengi hawakufurahia hifadhi ilipoanzishwa, maana walizuiwa mahali walipovua babu zao. Nadhani walikuwa na haki ya kulalamika. Leo baadhi yao huendesha mashua za wageni, na akina mama wa Wasini wamejenga daraja la mbao katikati ya mikoko, wageni hulipa kidogo kulipitia.

Tulifika kwenye daraja hilo saa saba. Ilikuwa bamvua, siku za mwezi mpevu, ambapo maji hupwa sana na kujaa sana. Mizizi ya mikoko ilikuwa wazi, kaa wakikimbia matopeni. Tulikula wali na samaki (changu, si pono), tukapumzika. Saa kumi tulipopita tena kuelekea mashuani, matope hayakuwepo, wala mizizi. Maji yalikuwa yamefika kwenye majani ya chini, na samaki wadogo walikuwa wakiogelea pale kaa walipokuwa wakikimbia.