UBONGO NA MCHEZO: MTU MZIMA BADO HUJIFUNZA



Tukae kidogo barazani penye bao, iwe Mbinga au Mbamba Bay. Fundi hutazama mashimo mara moja tu, akajua kete yake itaishia wapi. Anayejifunza huhesabu kwa kidole, shimo kwa shimo. Vijana nao wana michezo ya video katika simu. Aliyezoea hubonyeza upesi, na mgeni hubabaika.

Je, ufundi huo wamezaliwa nao? La, wamejifunza. Tuone ubongo unavyofanya kazi hiyo.

Ubongo una chembe nyingi sana zinazopelekeana habari. Tukifanya jambo mara ya kwanza, habari hupita kwa shida, kama mtu apitaye porini pasipo njia. Tukirudia kila siku, njia hufunguka.

Mwaka 1992, huko Marekani, mtaalamu Richard Haier na wenzake walitangaza uchunguzi wao. Walipima ubongo wa vijana waliojifunza Tetris, mchezo wa video wa kupanga vipande vinavyoshuka kwenye kioo. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi, vijana walicheza vizuri zaidi, lakini ubongo ulitumia nguvu kidogo kuliko mwanzo.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, kosa si aibu. Ubongo hujisahihisha kwa makosa. Pili, nusu saa kila siku yashinda kutwa nzima mara moja kwa mwezi. Tatu, tulale vya kutosha. Usingizini ubongo huimarisha tuliyojifunza mchana.

Kusoma nako ni hivyo hivyo. Mlipoanza kisomo mlitaja silabi moja moja: ka-ha-wa. Sasa jicho likiona "kahawa", neno zima linajulikana. Lakini njia isiyopitwa huota majani. Aliyeweka kitabu darini ataanza tena kumwomba mtoto amsomee stakabadhi ya kahawa yake mwenyewe.

Wengine husema, "Samaki mkunje angali mbichi, mimi nimeshakauka." Ni kweli mtoto huwahi kushika mambo. Lakini ubongo wa mtu mzima haukauki kama usipa juani. Ukipewa kazi, hufungua njia mpya.

Leo jioni, kabla ya bao, tusome ukurasa mmoja kwa sauti.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini fundi wa bao hahesabu kwa kidole?
2. Ni kazi gani ulijifunza ukubwani? Ulifanyaje mpaka ukaizoea?
3. Tangu umalize kisomo, unasoma mara ngapi kwa wiki?