KWA NINI TOVUTI MOJA HUSHUKA UPESI NA NYINGINE HUSUASUA

Somo kwa wananchi wanaotumia huduma ya intaneti

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba wanaolipia huduma ya intaneti majumbani, maskulini na maofisini wamekuwa wakijiuliza suala moja. Kwa saa ile ile, na kwa kompyuta ile ile, sinema kutoka tovuti moja huonekana bila ya kukwama, ilhali fomu ya kurasa mbili kutoka tovuti nyingine huchukua dakika kadhaa kufunguka. Baadhi yao hukata shauri kwamba kampuni imewadhulumu. Wengine hununua kifurushi kikubwa zaidi, na fomu ile ile ikaendelea kusuasua kama kwanza. Ni vyema basi ikaeleweka ni kitu gani hasa mwananchi anakinunua, na ni wapi mwendo unapopotea.

KIPIMO CHA KASI

Kasi inayotangazwa katika vifurushi huhesabiwa kwa megabiti kwa sekunde, ambapo ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo, mwenye huduma ya megabiti 10 kwa sekunde asitarajie kupakua zaidi ya megabaiti 1.25 kwa kila sekunde. Faili la megabaiti 100 litamchukua sekunde 80, hata ikiwa kila kitu kimekwenda sawa.

Aidha, kasi hiyo ni ya kipande kimoja tu cha safari, yaani kutoka kwa mteja hadi kwenye mitambo ya kampuni yake. Kutoka hapo data hupita katika mitandao ya watu wengine hadi kuifikia seva, nayo ni kompyuta inayohifadhi tovuti inayotakiwa. Mwendo wa safari nzima hauwezi kuzidi ule wa mahali palipo pembamba kuliko pote.

MLANGO WA SEVA

Seva nayo ina mlango wake, na wanaoupita mlango huo ni wengi. Tuchukulie seva yenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde inapakuliwa na watu 200 kwa wakati mmoja. Kila mmoja atapata wastani wa nusu megabiti. Hapo mwenye kifurushi cha megabiti 10 na mwenye kifurushi cha megabiti 50 watakuwa sawasawa, na fedha za ziada alizolipa wa pili hazitamsaidia kitu. Hali hii huonekana zaidi siku yanapotangazwa matokeo ya mitihani, au siku ya mwisho ya kupokea maombi. Kadhalika, wako wenye tovuti wanaoweka kwa makusudi kikomo cha kasi kwa kila mtumiaji, ili wote wapate huduma.

UMBALI NA STAKABADHI

Sababu nyingine ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Katika waya wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, bila ya kuhesabu ucheleweshaji wa mitambo ya njiani. Muda huo huonekana mdogo, lakini huongezeka kwa sababu ya namna kompyuta zinavyopelekeana data.

Mfano wake ni mfanyabiashara wa Wete anayempelekea mnunuzi magunia ya karafuu, kwa masharti kwamba kila baada ya magunia kumi asubiri stakabadhi ndipo apeleke kumi mengine. Mnunuzi akiwa Chake Chake, magunia mengi yatafika kwa siku. Akiwa ng'ambo, machache ndiyo yatakayofika, hata kama njia ni pana na nyeupe. Seva nayo hupeleka kiasi fulani cha data, kisha ikasubiri jawabu kwamba data hiyo imepokelewa. Ikiwa kiasi hicho ni kilobaiti 64 na jawabu huchukua sehemu moja ya tano ya sekunde, kasi haitafika hata megabiti 3 kwa sekunde. Jawabu likirudi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kasi inaweza kupindukia megabiti 50.

Kompyuta za siku hizi huruhusiwa kuongeza kiasi hicho, kwa kanuni zilizochapishwa mwaka 1992. Hata hivyo, huanza na kidogo na kupandisha pole pole, na data ikipotea njiani hupunguza tena. Ukurasa mdogo mara nyingi humalizika kabla mwendo haujapanda.

NJIA ZA BAHARINI

Hadi kufika mwaka 2009, mwambao wa Afrika Mashariki ulitegemea satelaiti kwa mawasiliano yake ya intanetí na nchi za nje. Satelaiti hizo ziko kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ardhi, na jawabu huchukua karibu nusu sekunde kurudi. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Yote miwili hufikia Dar es Salaam.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu katika bahari ya Afrika Kusini, na huduma ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Njia zilizosalia zililazimika kubeba mzigo uliozidi.

JIRANI ALIYE MBALI

Sasa jawabu la suala la mwanzo linaonekana. Makampuni makubwa ya sinema na video huweka nakala za kazi zao katika seva zilizo karibu na wateja, mara nyingine ndani ya mitambo ya makampuni ya intaneti. Kinyume chake, taasisi ya nchini inaweza kuwa imekodi seva yake Ulaya au Marekani. Hivyo sinema iliyotengenezwa ng'ambo hutoka jirani, na fomu ya jirani hutoka ng'ambo.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeanzisha vituo vya kubadilishana mawasiliano ya ndani. Cha Nairobi kilianza mwaka 2000, kikafungwa kwa mzozo wa leseni, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Tanzania nayo ina kituo cha aina hiyo Dar es Salaam. Ujumbe baina ya makampuni mawili ya nchi moja hauna haja tena ya kuvuka bahari mara mbili.

WANANCHI WANASHAURIWA

1. Kupima kasi kwa waya au karibu na ruta, kwanza kwa seva ya karibu, kisha kwa seva ya mbali.

2. Kujaribu tovuti tatu au nne kwa saa moja, na kuandika tarehe, saa na kasi iliyopatikana.

3. Ikiwa zote ni nzito, kupeleka malalamiko kwa kampuni pamoja na maandishi hayo. Yasipopatiwa ufumbuzi, yafikishwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ikiwa ni tovuti moja tu, mwenye tovuti ndiye wa kuulizwa.

4. Kutonunua kifurushi kikubwa zaidi kabla ya kujua kizuizi kiko wapi.

5. Kutongoja siku ya mwisho kujaza maombi ya masomo, mikopo au ajira.

Taasisi zenye tovuti za kuwahudumia wananchi nazo zinakumbushwa kuziweka katika seva zilizomo nchini, au kuwa na nakala karibu. Mwanafunzi wa Micheweni anayekosa nafasi kwa kuwa fomu haikufunguka kwa wakati hawezi kuongeza kasi ya seva iliyo ng'ambo, hata akilipa mara mbili.