Pesa za Muso Zisiende Lisbon

*Shangazi, mimi ni kijana wa Kadutu, Bukavu, nina miaka 26. Mimi na mwenzangu tuliyesoma naye chuoni tumetengeneza huduma ya ujumbe mfupi: kila asubuhi akina mama wanaouza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanapata bei ya ziwani kabla hawajashuka kununua. Wanaoitumia ni kama arobaini, bado hawalipi. Sasa tumepata barua pepe kwamba tumechaguliwa kuonyesha kazi yetu kwenye kongamano kubwa la teknolojia Lisbon, Novemba. Meza tunailipia wenyewe, ndege na hoteli pia. Mama yuko tayari kukopa kwenye muso yao, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana. Baba mdogo aliye Ubelgiji anasema ataongeza, ila nikifika nisirudi. Niende?*
*Mwenye Kusongwa, Kadutu*

Mwanangu, usiende. Nakwambia mapema ili yanayofuata uyasome ukiwa umetulia.

Mialiko ya bandia iko mingi: mkutano una jina kubwa, na hoteli inatakiwa ilipwe haraka kwa kumtumia pesa mtu fulani. Kama wako ni wa Web Summit, hilo ni kongamano la kweli. Lilianzia Dublin, likahamia Lisbon 2016, na mwaka 2024 lilipokea watu zaidi ya 70,000. Lakini kuchaguliwa huko huja na bili. Kampuni changa hupewa meza kwa siku moja, ikipangwa na mamia ya wengine, na wenye pesa huwa wamekwisha kupanga miadi yao kwenye simu kabla hata hawajapanda ndege. Atakayesimama mbele yako atauliza wanaolipa ni wangapi, wanalipa kiasi gani, na mwezi uliopita walikuwa wangapi. Jibu umeniandikia mwenyewe.

Halafu kuna njia ya kufika. Viza ya Schengen huombwa Kinshasa, na kwa mtu wa Bukavu hiyo peke yake ni kama safari ya kimataifa. Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, ndege za uwanja wa Kavumu zilisimama na benki zikafunga milango. Ada ya viza ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Utahitaji bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000, ombi liingie angalau siku 15 kabla ya kuondoka, na jibu linaweza kuchukua hadi siku 45. Afisa atatafuta ushahidi kwamba una kitu cha kukurudisha nyumbani. Je, kampuni yenu ina RCCM, yaani usajili wa biashara? Una taarifa za benki za miezi ya karibuni, katika mji ambao benki zilifungwa? Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akanyimwa, na mkopo ukabaki palepale.

Kuhusu baba mdogo, mjibu kwa heshima, ila mjibu. Anataka kukusaidia kwa njia anayoijua. Lakini kuomba viza ya siku nne huku moyoni umeshaamua kubaki ni kumdanganya afisa, na ni kumwachia mwenzako huduma na wale mama arobaini bila kumuaga. Ukitaka kuhamia Ulaya, omba kwa jina hilo, kwa masomo au kwa kazi, na jambo hilo lijadiliwe kikaoni kama jambo la familia. Pesa zenye sharti hilo usizipokee.

Linalonikera zaidi ni muso. Unajua masanduku yao: la kijani ni la mikopo, jekundu ni la shida, mtu akiugua au akifiwa. La kijani limejaa franka za wanawake wanaonunua mzigo asubuhi, wauze, warudishe, mwingine achukue. Mkopo wa tiketi ya ndege haurudi baada ya siku ya soko. Ukikwama, wanachama watamtazama mama yako, na huenda baadhi yao ndio haohao wanaopokea ujumbe wako wa bei.

Sasa kazi yenyewe, maana naipenda. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza kujaribu M-Pesa Kenya kwa wateja mia chache wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Nia yao ilikuwa watu warudishe mikopo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa kwa mambo yao, na ilipozinduliwa Machi 2007 iliuzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Hilo walifundishwa na watumiaji. Wewe una walimu arobaini hapo Kadutu. Shuka ziwani alfajiri mitumbwi ikirudi, keti nao, uwaulize wangelipia nini. Mimi nabahatisha moja: wiki ya mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, sambaza hupungua, bei hupanda. Bei ya leo mama atakayefika ziwani ataisikia tu. Anayemwambia siku tatu kabla kwamba mzigo utakuwa haba anamsaidia kupanga mtaji wake, na hapo ndipo anaweza kutoa franka. Lijaribu hilo kwa miezi michache, andika kila malipo kwenye daftari, ukamilishe RCCM.

Hamu ya kukutana na wenzako wa fani ni halali kabisa. Kenya iliwaondolea Wakongomani viza mwaka 2023, na Nairobi vijana wamekuwa wakikutana na wenye mitaji tangu kituo cha teknolojia cha iHub kilipofunguliwa mwaka 2010. Kigali ni karibu zaidi. Kongamano kubwa la kampuni za simu, MWC, lilifika huko Oktoba 2022. Najua kwamba, kwa jinsi Rwanda inavyohusishwa na M23, kuitaja Kigali mjini Bukavu leo ni kugusa kidonda. Usimlazimishe mama akubali, wala usimruhusu jirani akuite msaliti kwa kuvuka daraja la Ruzizi, ambalo wauza mboga wanalivuka kila siku. Popote utakapokwenda, nenda ukiwa umeshaandikiana na mtu mmoja anayekungoja kwa jina, na nauli itoke kwenye mapato ya huduma.

Waandikie wa Lisbon wiki hii kwa adabu: mwaka huu hamtaweza, mnaomba mwaliko mwingine baadaye. Na mama mwambie kabla muso yao haijakutana, asije akaomba huo mkopo.