Maksai Wafundishwe Kupalilia

Wasomaji wetu wa Mbulu na Hanang wajua kwamba plau imepanua mashamba, lakini mikono haikuongezeka. Maksai hulima eka tatu upesi. Kisha magugu huota kote kwa mara moja, na mzigo huwaangukia wanawake, na watoto ambao mwalimu angependa kuwaona darasani.

Kule Basotu, katika miaka ya 1970 na 1980, Serikali kwa msaada wa Kanada ilifungua mashamba saba ya ngano, yapata eka 100,000, katika malisho ya Wabarabaig. Mitambo ilifanya kazi, na Watanzania kadhaa walipelekwa Kanada kujifunza. Ujuzi huo haukumfikia mwenye eka tatu.

Yeye anao maksai. Mahindi na yapandwe kwa kamba, sentimeta 75 baina ya mistari. Nira ya kulimia ni fupi mno. Ya palizi yapasa kuwatenga maksai kwa sentimeta 150, jembe la kupalilia lipite nafasi ya katikati. Vinywa vyao vifungwe kwa vikapu, maana ng'ombe hapambanui hindi na gugu.

Mazoezi yaanze kiangazi, wakivuta gogo baina ya mistari iliyochorwa chini; mmoja aongoze mbele, mwingine ashike mpini. Twapenda wasichana nao wafundishwe, kwani palizi waijua kuliko kaka zao. Wazee wa kijiji watenge uwanja karibu na shule. Magugu ya shinani yatabaki kwa jembe la mkono, nayo si mengi.