Bukavu: Kutoka Gome la Mkwinini hadi Dawa

Wageni wengi huja Bukavu kwa ajili ya Ziwa Kivu na gorila wa Kahuzi-Biega. Waje tu, ila watenge siku moja kwa ajili ya Pharmakina, kiwanda cha kwinini. Mali ya Kongo tumezoea kuiona ikivuka mpaka ikiwa ghafi. Hapa gome la mti uliopandwa kwenye vilima vya Kivu limekuwa likisagwa, kuchujwa na kugeuzwa dawa papo hapo mjini, na kwangu hilo linastahili safari kuliko mandhari yoyote.

Mkwinini asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Unapenda ubaridi, mvua nyingi na udongo usiotuamisha maji, na Kivu ina vyote hivyo. Bukavu yenyewe iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Wabelgiji walikuwa wameshaanza kuupanda huku pale Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942. Kisiwa hicho ndicho kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia, na majeshi ya Washirika yakajikuta yamepungukiwa vibaya na tiba hiyo ya malaria. Mwaka huohuo ikazaliwa kampuni ya Congokina, mzizi wa Pharmakina ya leo, ambayo mwaka 1961 iliingia mikononi mwa Wajerumani wa Boehringer Mannheim. Kampuni ya Roche ilipoinunua Boehringer mwishoni mwa miaka ya 1990, mameneja wawili waliokuwa Bukavu, Horst Gebbers na Etienne Erny, walikinunua kiwanda wao wenyewe. Ilikuwa mwaka 1999: vita vimepamba moto, mji uko chini ya waasi wa RCD. Kuweka fedha zako mahali kama hapo wakati kama ule kunataka moyo.

Ukikubaliwa kuingia, anza na magome. Yakishakauka hujikunja, na ukiligusisha gome kwenye ulimi, uchungu wake hautoki upesi. Magome husagwa kuwa unga, unga huchanganywa na chokaa ili viambato vya dawa viachie, kisha kiyeyushi huvibeba. Asidi ya salfa huvitoa tena humo, na maji yakipoa, kwinini salfeti hujitenga: fuwele nyeupe, nyembamba kama sindano. Mwombe fundi akuoneshe chupa ya myeyusho wa kwinini hiyo juani, nawe utaona mng'ao wa buluu ukielea ndani ya maji yasiyo na rangi. Gome hilohilo hutoa pia kwinidini, ambayo madaktari wameitumia kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika.

Uwezo wa kiwanda haukuishia kwenye malaria. Mwaka 2005, kwa msaada wa mfamasia Krisana Kraisintu kutoka Thailand, kilianza kutengeneza Afri-vir, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, wakati ambapo dawa kama hizo zilikuwa adimu mno mashariki mwa Kongo.

Sasa safari yenyewe. Mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa siku hizohizo. Kwa hiyo usikate tiketi kabla hujazungumza na mwenyeji aliyepo mjini na kuuliza hali ya mpaka, ya viza na ya barabara. Njia ya nchi kavu kutoka Kigali hukatiza msitu wa Nyungwe hadi Kamembe, kisha unavuka mto Ruzizi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dola hupokelewa, lakini ziwe safi. Noti iliyochanika hata kidogo hurudishwa. Saa za Bukavu ni sawa na za Kigali, saa moja nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam.

Kiwanda si jumba la makumbusho. Andika barua mapema, kwa Kifaransa, ueleze unataka kuona nini. Ukifika mlangoni, msalimie mlinzi kwanza, “Jambo, papa,” halafu ndipo utaje shida yako. Kamera iache mfukoni mpaka upewe ruhusa, na usiitoe kabisa mpakani wala darajani.

Ukibaki na siku ya ziada na barabara ikiwa shwari, elekea kaskazini hadi Mulungu, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambako mikwinini ilifanyiwa utafiti tangu enzi za Wabelgiji. Jirani yake ni Lwiro, penye kituo cha sayansi na makazi ya sokwe yatima. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri, maana mvua zikianza utelezi wa huko hauna huruma.