Mbele ya Kujenga, Kuhesabu



Somo letu la mwezi huu ni juu ya nyumba. Mutu yeyote anayefika Kolwezi kutoka Likasi anaona vile muji unavyopanuka: matofali yanakauka, tanuru zinatoa moshi, mabati mapya yanang'aa fasi ambapo zamani kulikuwa paka pori. Watu wanasema, "Muji unakomaa." Sisi wanafunzi wa jiografia tunauliza: nyumba mingi njo muji? Nyumba elfu moja bila maji, bila njia, bila masomo karibu, ni nyumba elfu moja tu. Na kwa kujua maji kiasi gani, njia ngapi, vyumba vya masomo vingapi, inapashwa kwanza kujua watu ni wangapi na wanakaa wapi.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga. Hatusifu nyakati zile. Wazungu walikaa upande wao, Waafrika upande wao, na plani ya muji ilichorwa kusudi iwe vile. Lakini kampani ilijua hesabu ya watu wake: wafanyakazi wangapi, wake wangapi, watoto wangapi. Poso ilipimwa kufuata watu wa nyumba, na kama hesabu ni mubaya, unga unaisha mbele ya juma kuisha. Kufuata hesabu ile walijenga nyumba za kambi, robine, hospitali na masomo. Mutu asiyekuwa wa kampani hakuwa ndani ya kitabu, na plani haikumuona.

Na leo? Hesabu ya mwisho ya watu wote wa inchi yetu ilifanywa mwaka 1984, wakati inchi ilikuwa ikiitwa Zaire. Kolwezi ilionekana na watu 201,382. Wengine wanakamata namba ile na kuongeza kidogo kila mwaka, sawa vile mutu anaongeza faida juu ya deni. Lakini mambo ya Kolwezi haikuenda kwa mustari. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka chini ya udongo, na Gécamines ikaanza kushuka. Miaka ya 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakapanda treni na vitu walivyoweza kubeba. Mwaka 2002 Code mupya ya migodi ilifungua mulango kwa makampani ya inje, na watu wakaja tena kwa wingi. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, Kolwezi ikawa kichwa cha Provinsi ya Lualaba, na biro za serikali zikaleta wafanyakazi wao, nao wote wanatafuta nyumba. Muji ulipungua, ukajaa, ukajaa zaidi. Kwa hiyo hesabu ya 1984 haiwezi kutuambia ya leo, na makadirio ya leo yanaachana sana. Mwenye kupanga bomba la maji kwa watu nusu milioni hawezi kutumia bomba moja na mwenye kupanga kwa watu zaidi.

Tufanye hesabu ndogo, sawa vile tunafanya kwa ubao. Tukamate avenyu moja yenye parseli 40, na kila parseli watu 6. Jumla ni watu 240. Kiasi cha chini cha maji ni kama litre 20 kwa mutu kwa siku. Ni ya kunywa, kupika na kunawa. Kufua nguo haiko ndani. 240 mara 20 ni litre 4,800. Pompi ya mukono, ikiwa nzima, inatoa kama litre 1,000 kwa saa. Ni karibu saa 5 za kupompa. Inawezekana. Sasa foraji ile ile iwe ya avenyu 4: litre 19,200, ni zaidi ya saa 19 kwa siku moja! Dada zetu watalala pale pamoja na bidoni zao, na asubuhi mwalimu atauliza kwa nini wanachelewa.

Mutu atajibu, "Kila mutu achimbe kisima chake." Vizuri, tupime. Wanganga na watu wa maji wanasema kisima na choo vinapashwa kuachana kama metre 30, zaidi kidogo au pungufu kufuata udongo. Parseli ambayo tunaiona mara mingi ni ya metre 15 kwa 20. Wale waliokwisha kusoma Pythagore watusaidie: 15 mara 15 ni 225, 20 mara 20 ni 400, jumla 625, na muzizi wake ni 25. Maana yake, hata ukiweka kisima katika pembe moja na choo katika pembe ya mbali kabisa, huwezi kupita metre 25. Na jirani naye iko na choo chake nyuma tu ya ukuta. Hesabu hii haiombi feza wala mashini, kamba inatosha. Mwenye kugawanya parseli za kiasi kile bila kuleta bomba amekwisha kuchagua ugonjwa, hata kama hakuuandika kwa plani.

Hapa tukumbuke munganga John Snow wa London. Mwaka 1854, wakati wa kolera, aliandika kwa karta fasi ambapo kila mutu alikufia. Vifo vilizunguka pompi moja ya Broad Street. Alipeleka hesabu yake kwa wakubwa wa parokia, nao wakatoa mukono wa pompi. Wakati ule waganga wengi walisema kolera inaletwa na hewa mubaya. Yeye alikuwa na karatasi, na miguu ya kutembea.

Kwa muji wetu kuko tena jambo ambalo miji mingi haina: udongo wenyewe. Kolwezi imekaa juu ya mukuba na kobalti. Mwaka 2014, kwa kartye ya Kasulo, mutu mumoja alikuwa anachimba katika parseli yake, akafikia jiwe jeusi la kobalti. Habari ikaenea. Watu wakachimba nyuma ya nyumba, kisha ndani ya nyumba, chini ya kitanda kabisa, na mashimo yakapita chini ya njia na chini ya jirani. Mwaka 2017 provinsi ilitoa sehemu ya Kasulo kwa kampani Congo Dongfang Mining. Jamaa mamia walilipwa na kuondoka, nyumba zikabomolewa, ukuta ukajengwa. Tunafundishwa kwamba kufuata sheria ya 1973 udongo ni wa serikali. Mwenye parseli anajua hiyo siku anapohamishwa. Kwa hiyo mbele ya kununua, kuuliza kadasta peke yake haitoshi. Inapashwa kuuliza vilevile karta ya migodi.

Na umeme? Line kubwa ya Inga, kilometre karibu 1,700, ilifika Kolwezi mwaka 1982. Ilipita juu ya vijiji vingi bila kuwasha taa hata moja, sababu waliohesabiwa walikuwa migodi. Sisi tunasema hivi: bomba na waya vinaenda kwa yule aliyehesabiwa.

Tunasema mambo haya sasa sababu feza iko. Kufuata Code ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018, kwa kila franga 100 za redevansi, 50 ni za serikali kubwa, 25 za provinsi, 10 za mfuko wa vizazi vinavyokuja, na 15 za serikali za chini: miji, komini, sekta na sheferi ambazo mugodi uko kwao. Kwa hiyo Dilala na Manika zinaweza kuuliza: tufanye nini na sehemu yetu? Taa za barabara zinaonekana usiku, na mukubwa anapigwa picha chini yake. Bomba liko chini ya udongo, hakuna anayelipiga picha. Lakini siku ya kugawanya, shefu wa avenyu anayeingia na daftari anasikiwa kuliko yule anayeingia na malalamiko.

Basi kazi ni hii. Wakati wa mapumziko, kila mwanafunzi akamate avenyu yake na kuandika: parseli ngapi, watu wangapi katika kila moja, wapangaji wakiwa ndani (wenye nyumba wanapenda kuwasahau), watoto wangapi wa miaka 6 mpaka 11, maji yanatoka wapi na hatua ngapi, choo kiko metre ngapi kutoka kisima, na mvua ya Januari inapita wapi. Majina ya watu tusiandike. Kwanza tumuone shefu wa avenyu, tumueleze, mbele ya kugonga mulango wa mutu. Mama mwenye nyumba akikataa, tumshukuru na kupita. Kwa karatasi tuandike "hakujibu", tusijaze namba ya kichwa chetu.

Maulizo ya kujibu: Katika avenyu yako, pompi moja ingefanya saa ngapi kwa siku? Kuko parseli moja ambayo kisima na choo vinafikia metre 30? Na kama komini ingeleta robine moja tu mwaka huu, ungeiweka pembe gani, na ungeonyesha hesabu gani kwa wale wa pembe ingine?