Uvimbe wa Utando wa Moyo: Wanaolazwa Migori na Homa Bay

Moyo umevikwa mfuko wa utando wenye kuta mbili. Kati ya kuta hizo mna maji machache, mililita 15 hadi 50, ya kuulainishia moyo mwendo wake. Utando ukivimba, maji huzidi, pengine yakapita nusu lita, na moyo hubanwa ukashindwa kujaa damu.

Ulaya na Marekani kisababishi cha kawaida ni virusi, na wengi hupona katika wiki chache. Migori na Homa Bay, kaunti za Kenya zilizo mashariki mwa Ziwa Viktoria, mambo ni mengine. Huku kisababishi kikuu ni kifua kikuu (TB), na VVU ndiyo hukifungulia mlango. Kwa hiyo, kupanda na kushuka kwa idadi ya wanaolazwa hakuelezeki bila historia ya ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU. Katika miaka ya 1990 dawa hizo hazikuwa zimewafikia wananchi wa kawaida. Mwaka 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuzitoa bure katika hospitali ya umma ya Homa Bay, na mwaka 2016 Kenya ikaagiza kila anayepatikana na VVU aanzishiwe dawa bila kungoja kinga ishuke. Kinga ikirudi, TB hupungua, na maji ya moyo hupungua nayo. Hata hivyo mzigo haujatua: uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay anaishi na VVU, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 4.9.

Takwimu za wodini zisomwe kwa uangalifu. Mgonjwa wa aina hii huweza kuandikwa "TB nje ya mapafu", au "moyo kushindwa", na ugonjwa wa utando usionekane popote kwenye hesabu. Makohozi yake nayo mara nyingi hayaonyeshi vijidudu.

Dalili zenyewe hazijifichi sana. Mgonjwa hawezi kulala chali; hukaa ameinama mbele, au hupangiwa mito mitatu. Mishipa ya shingo hutuna. Mguu ukibonyezwa kwa kidole, shimo hubaki. Picha ya moyo ya altrasaundi huonyesha maji, na yakiwa yanaubana moyo hutolewa kwa sindano chini ya kidari.

Dawa za TB hunywewa miezi sita. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, si ya kila mtu: jaribio la wagonjwa 1,400 barani Afrika, lililochapishwa 2014, lilionyesha kuwa haikupunguza vifo, ingawa ilipunguza utando kukakamaa, na kwa wenye VVU saratani ziliongezeka.

Anayekohoa wiki mbili, au anayevimba miguu huku pumzi ikikatika, aende kituo cha afya kilicho karibu. Katika vituo vya umma, vipimo na dawa za TB ni bure.